Sura ya 7: Viraka Vinapopanda Ukutani

Popote mfarishi unapotundikwa mbele za watu, swali hili halikosekani: "Hiki si cha kitandani? Kimefuata nini ukutani?" Anayeuliza huwa hana nia mbaya. Amezoea kwamba nguo huvaliwa, hutandikwa au mtu hujifunika, na kinachotundikwa ni picha. Swali la pili huja kwa sauti ya chini kidogo: "Na nani atatoa fedha yake anunue viraka?" Hilo ni zito zaidi, maana limebeba aibu. Kwetu nguo ya viraka ni alama ya shida. Mtoto aliyekwenda shule na kaptura yenye kiraka nyuma hasahau, hata akishakuwa na wajukuu.

Nitayajibu maswali yote mawili huku macho yangu yakiwa Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Watu wakiitaja Matombo hutaja ndizi, karafuu, mdalasini na pilipili manga, au mito inayoshuka kuingia Ruvu na kuwafikishia maji wakazi wa Dar es Salaam. Nguo hawazitaji. Lakini nenda siku ya gulio, simama pembeni, utazame. Utaona wanawake waliovaa kanga, na hakuna aliyeokota yake bila kufikiri. Utaona fundi cherehani na gunia la vipande lililosukumwa chini ya meza. Utaona mikeka iliyoviringishwa ikisubiri mnunuzi. Penye vitu hivyo vitatu, karibu kila kinachohitajika kwa sanaa hii kipo tayari.

Mfarishi ni nini, na wa sanaa ni upi?

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu zilizoshonwa zikawa kitu kimoja. Tabaka la juu, linaloonekana, tuliite uso. La katikati ni kijazio: pamba, blanketi kuukuu au nguo chakavu. La chini ni mgongo. Kinachoufanya uwe mfarishi ni mishono inayopita tabaka zote tatu na kuzishika pamoja. Mishono hiyo hupigwa kwa bandi, yaani sindano inazama na kuibuka, inazama na kuibuka, kwa mstari, na uzi unaonekana pande zote mbili. Ukiunganisha vipande bila mgongo umepata shuka la viraka. Huenda likawa zuri sana, ila mfarishi bado.

Mfarishi wa sanaa ni ule ambao mshonaji aliupangia macho kwanza, mwili baadaye. Anaweza kuulalia akitaka. Tofauti haitoki kwenye ukuta wala kwenye bei. Wape wanawake wawili gunia lilelile la vipande. Wa kwanza anashona kila kinachokuja mkononi, na kazi yake inatosha kwa usingizi. Wa pili anafika kipande cha saba, anasita. Anatoa chekundu, anaweka bluu iliyopauka, anarudi nyuma hatua tatu, anatazama, halafu anakirudisha chekundu lakini kwenye kona nyingine. Kazi ya huyu wa pili ndiyo inayotuhusu katika sura hii.

Tulianza kwa kuunganisha

Msomaji anayedhani kuunganisha vipande ni ugeni ulioletwa na watalii aifikirie kanga aliyojifunga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa mjini Zanzibar na Mombasa walikuwa wakinunua leso za mkononi zilizoletwa na wafanyabiashara. Leso hizo ziliuzwa zikiwa bado zimeungana kwenye jora. Badala ya kukatiwa moja moja, walikatiwa tatu kwa pamoja, kisha tatu nyingine, wakazishona ubavu kwa ubavu. Wakapata nguo moja ya leso sita. Ilipopendwa, wafanyabiashara walianza kuagiza nguo nzima iliyochapwa kabisa, yenye pindo kuzunguka pande zote na mji katikati. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo watu wanaiita leso. Jina, yaani yale maneno yaliyochapwa chini ya mji, liliongezwa baadaye.

Kwa hiyo nguo ya mwanamke wa Pwani na bara yake ilizaliwa kutokana na sindano ya mwanamke aliyeona vipande sita akafikiria nguo moja. Viwanda vilikuja nyuma yake. Morogoro mjini kiwanda cha 21st Century Textiles kimechapa kanga na vitenge, na Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kilizivalisha familia nyingi za nchi hii.

Mkeka nao uko hivyohivyo. Hausukwi kama kitu kizima. Msukaji husuka ukili, yaani utepe mrefu mwembamba wa ukindu au miyaa, na akishapata wa kutosha huushona, ubavu kwa ubavu, mpaka mkeka upatikane. Pale pa kushonea ndipo ujuzi unapojulikana. Kama ukili una mistari ya rangi, msukaji hodari huhesabu ili rangi zikutane, au huziachia zipishane kwa makusudi ili jicho lisitulie mahali pamoja. Mwambie mwanamke wa namna hiyo kwamba hajui mpangilio wa rangi, uone atakavyokutazama.

*Kwa kifupi: leso ilitokana na vipande sita, na mkeka unatokana na tepe nyingi. Kuunganisha ni kwetu. Tulichokosa ni mazoea ya kuutazama muungano wenyewe kama kazi ya sanaa.*

Ndugu zetu wa Karnataka

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasiddi. Ni wazao wa Waafrika, wengi wao waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya mashariki ya bara letu, na baadhi walitoroka mabwana zao huko Goa wakaingia misituni. Wapo Wakristo, Waislamu na Wahindu, na wote wana mfarishi wao uitwao kawandi.

Mwanamke wa Kisiddi hutandaza sari kuukuu iwe mgongo. Haanzii katikati. Anaanzia pembeni, anashona vipande kwa bandi akizunguka ukingo, duru baada ya duru, akielekea ndani, mpaka anakutana na kitovu. Hachori ramani kwanza. Mistari ya bandi inakuwa mingi na ya karibukaribu kiasi kwamba ukiipapasa unahisi mawimbi. Akimaliza, hushona kwenye kila pembe pembetatu ndogo zilizokunjwa, ziitwazo phula, yaani maua. Kwao kawandi isiyo na phula ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila nguo.

Mwaka 2004 wanawake hao walianzisha ushirika wa kushona, wakisaidiwa na Henry Drewal, profesa wa historia ya sanaa kutoka Marekani. Mwaka 2011 mifarishi yao ilitundikwa katika kituo cha Schomburg, Harlem, jijini New York.

Nimekaa kwa Wasiddi kwa sababu kazi yao inaifaa Matombo kuliko mifarishi mizito ya Ulaya na Marekani. Kule kijazio kinene kinahitajika kwa ajili ya theluji. Matombo si Nyandira ya juu milimani, ambako usiku unataka blanketi mbili. Iko chini, ina joto na mvua nyingi, kama nchi ya Wasiddi. Kawandi haitiwi pamba ndani, na tabaka zake ni nguo kuukuu tu. Ni nyepesi, inafulika, na inakauka upesi jua likichomoza kati ya manyunyu mawili. Mtu wa Uluguru anayeanza na atazame huko kwanza.

Harriet Powers na dola 5

Harriet Powers alizaliwa mtumwa mwaka 1837 huko Georgia, Marekani. Mwaka 1886 alipeleka mfarishi kwenye maonesho ya pamba ya mji wa Athens, Georgia. Ulikuwa na picha 11 za Biblia, watu na wanyama waliokatwa kwenye kitambaa na kushonwa juu ya kingine. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliuona akataka kuununua. Harriet akakataa katakata. Miaka michache baadaye hali ya maisha ilimbana, akautoa kwa dola 10, akapewa 5. Kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, na Smith akaandika. Kisha Harriet akawa anarudi kuutazama.

Mfarishi wake wa pili, wenye picha 15, uko katika jumba la makumbusho la Boston. Humo ameshona usiku wa Novemba 1833 ambapo vimondo vilianguka kwa wingi mpaka watu wakadhani dunia imefika mwisho. Yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Aliusikia usiku ule kwa wakubwa wake, kama sisi tunavyosikia habari za njaa na za vita vya Maji Maji, akaupa kitambaa. Ule wa kwanza uko katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mifarishi yake inayojulikana leo ni hiyo miwili. Na tunaielewa kwa sababu maelezo yake yaliandikwa. Bila maandishi yale tungebaki tunakisia nyota zile zina maana gani.

Hukohuko Marekani kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, katika jimbo la Alabama. Mto umekizunguka pande tatu. Wakazi wake ni wazao wa watumwa wa shamba moja la pamba, na wengi wao wana jina moja la ukoo, Pettway. Mwaka 1962, watu weusi wa hapo walipoanza kudai haki ya kupiga kura, kivuko cha kwenda mji wa makao makuu ya wilaya kiliondolewa. Hakikurudi hadi 2006. Wanawake wa kijiji hicho walishona nguo za kazi zilizochakaa, na mpangilio wao haukufuata kitabu cha mtu. Kwenye suruali ya shamba mahali pa goti huwa pamepauka kuliko kwingine. Wao walikipokea kipauko kile kama rangi na kukipa nafasi yake. Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe, akazishona nguo za kazi za marehemu zikawa mfarishi wa kujifunika. Mfarishi huo umetundikwa katika majumba makubwa ya sanaa.

Hapo msomaji wangu wa Uluguru hahitaji kufafanuliwa. Anajua nguo za marehemu zinapogawiwa ndugu baada ya arobaini, kila mmoja anachukua kipande cha mtu. Tofauti ni kwamba kwetu vipande hutawanyika. Familia inaweza kuamua kanga tano za bibi zisitawanyike, zishonwe pamoja.

Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilioneshwa Houston, kisha New York, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za Marekani. Sifa ilikuja, na ugomvi wa fedha ukafuata. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakupata haki yao katika mauzo na matumizi ya michoro yao. Kesi zilimalizika mwaka uliofuata. Nalisema hili wazi kwa sababu sifa peke yake haimlipi mshonaji, na kikundi chochote cha Matombo kinapaswa kulifikiria kabla ya mgeni wa kwanza kufika na kamera.

Kazi yenyewe, kwa vitu vya Matombo

Vifaa ni vichache:

- vipande vya pamba tupu: kanga, kitenge, mashati ya mitumba;
- nguo moja pana ya mgongo, kanga nzima inatosha;
- sindano nyembamba na uzi imara wa pamba;
- mkasi unaokata nguo tu, usioguswa na karatasi;
- pasi, hata ya mkaa.

Wengi huharibikiwa kwenye rangi kabla hawajashona hata mstari mmoja. Kanga mpya huchuja, hasa nyekundu na nyeusi. Iloweke peke yake, ibadilishie maji mpaka yabaki meupe. Kisha lowanisha kitambaa cheupe, kiweke juu ya kanga, piga pasi. Kikitoka na doa, rudia. Mwenye haraka akiruka hatua hii atauona mji wa kanga yake umehamia kwenye kipande cha jirani siku ya kufua mara ya kwanza.

Halafu pima nguvu. Kanga iliyokwisha kuwa mbeleko, ikafunika kichwa shambani, ikafutia watoto, ina rangi nzuri ajabu ambayo hakuna kiwanda kinaiweza. Lakini inaweza kuwa imechoka. Iinue dhidi ya mwanga. Penye nyuzi zilizoachana, kata uache. Usichanganye fulana za kuvutika na kanga zisizovutika, maana uso utajikunja.

Kuhusu jina la kanga, nina msimamo. Ukilikata katikati, herufi zinageuka maumbo, na maumbo hayo yanapendeza. Fanya hivyo kwa kanga ya dukani. Kama kanga ilikuwa ya mama yako, na alilichagua jina lile mwenyewe akijua anamwambia nani, liache zima. Aliyesema neno lake asikatizwe.

Kijazio: misufi ipo mkoani, na sufi tumeilalia wengi, lakini ndani ya mfarishi haifai, kwa sababu ikifuliwa hujikusanya mabonge. Tumia kanga kuukuu mbili au blanketi jembamba. Tandaza tabaka zote chini, juu ya mkeka, zinyooshe kwa viganja. Anayeshona kwa njia ya Marekani huanzia katikati akitoka nje, ili mikunjo isukumwe ukingoni. Anayefuata Wasiddi huanza ukingoni. Zote mbili zinafaa. Kosa ni kuanza kwa moja ukamalizia kwa nyingine, maana mikunjo itakutana njiani.

Adui mkubwa wa Uluguru ni unyevu. Sehemu za juu za upande huu wa mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na masika ya Machi hadi Mei hayakaushi kitu. Usiuweke mfarishi kwenye mfuko wa nailoni, utaota ukungu. Uviringishe kwenye mti laini, uso ukiwa nje, uufunike kwa shuka, uuweke juu ya sakafu. Kuukunja kila siku mahali palepale kunavunja nyuzi.

*Kwa kifupi: chuja rangi, pima nguvu, chagua njia moja ya bandi, na uogope unyevu kuliko panya.*

Namna ya kuutazama

Simama mbali kwanza, hatua sita hivi. Usitafute picha. Uliza jicho linakwenda wapi, linapumzika wapi, na nini kinalisukuma. Wanawake wetu wanayo mazoezi haya: ndivyo wanavyoipima doti ya kanga inapotandazwa dukani, kabla hawajaisoma.

Kisha sogea karibu mpaka uione bandi. Hatua za mkono hazilingani kama za mashine. Ukizifuata utaona mahali mshonaji alipochoka, alipobadilisha uzi, au alipoamua kuzunguka ua badala ya kulikata.

Mwisho omba uoneshwe mgongo. Mishono yote iko pale bila rangi za kukuvuta, na ndipo unapojua kama kazi ni imara.

Kuutundika na kuupa bei

Usipige misumari kwenye kitambaa. Shona nyuma, ukingo wa juu, mfuko mrefu wa upana wa kiganja, upitishe fito, uzito ugawanyike sawasawa. Jua lisiuguse moja kwa moja, na watu wasiupapase kwa mikono yenye mafuta. Weka kipande kidogo cha mazoezi pembeni kwa ajili ya kuguswa, kwani hamu ya kugusa nguo ni ya haki.

Mahali hapakosekani. Ukumbi wa parokia unatosha kuanzia, au darasa wakati wa likizo. Kila Agosti viwanja vya Nane Nane mjini Morogoro hujaa watu wa Kanda ya Mashariki, wengi wao wakiwa na macho yaliyokwisha kuzoea kanga. Dar es Salaam kipo kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, kilichofunguliwa mwaka 2008. Asiyeamini kwamba kazi ya aina hii inaweza kwenda mbali zaidi aikumbuke Uganda: mwaka 2022, ilipokuwa na banda lake la kwanza katika maonesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mmoja wa wasanii wake wawili alikuwa Acaye Kerunen, anayetumia ususi na nyuzi za mimea pamoja na wanawake mafundi wa vijijini. Banda hilo lilipata tuzo ya kutajwa kwa heshima.

Kila mfarishi uwe na kitambaa kidogo kilichoshonwa mgongoni, kimeandikwa kwa uzi au wino usiofutika: jina la mshonaji, kijiji, mwaka, na nguo zilizotumika zilitoka wapi. Kama walioshona ni wanne, yaandikwe majina manne. Naona watu wakiandika "akina mama wa kijiji" wakidhani ni unyenyekevu. Mchoraji wa picha haandikwi "baba wa kijiji".

Bei ihesabiwe hivi: gharama ya nguo na uzi, jumlisha siku za kazi, kila siku kwa kiasi ambacho mshonaji angelipwa kama angekwenda kibarua cha shamba siku hiyo. Hiyo ni sakafu. Juu yake ongeza thamani ya uamuzi, yaani kule kusita kwenye kipande cha saba. Anayetaka kuchapa picha ya mfarishi kwenye kalenda au kadi anunue ruhusa hiyo kwa maandishi, mbali na bei ya mfarishi wenyewe. Na kabla haujaondoka, upigwe picha mbele na nyuma, mshonaji aeleze anachotaka kueleza, mtu aandike, pamoja na jina na simu ya mnunuzi. Daftari hilo libaki kwa kikundi.